Fundi wa Mwandoni anayepima kwanza, spea baadaye

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wenye pikipiki, hasa sisi wa upande huu wa Kisauni, Mombasa, manake pesa nilizozimwaga mie sitaki mwengine azimwage. Ni fundi mmoja mzee ana kibanda Mwandoni chini ya mwarobaini, hana bango wala jina la gereji, ukiuliza vijana wa steji watakuonyesha.

Yangu ni Boxer 150 ya kabureta. Nasambaza nayo mayai, nachukua Kongowea napeleka maduka ya Mishomoroni mpaka Kiembeni. Sasa asubuhi moja masika haya nimeshafunga kreti 8 nyuma, mipira imekazwa, nabonyeza stata yazunguka vizuri tu lakini injini haishiki. Nikapiga kiki mpaka unyayo ukaniuma, ikakohoa mara moja ikanyamaza. Mzigo uko juu ya pikipiki, jua lapanda, wateja wapiga simu, yaani nilichanganyikiwa kabisa.

Nikaisukuma mpaka gereji moja hapo karibu, jina naliacha. Kijana alisikiliza stata ikizunguka, akasema plagi. Nikanunua plagi shilingi 300, haikuwaka. Akasema basi ni koili, ile inayopandisha umeme wa plagi, 900, haikuwaka. Akasema hapo sasa hakuna jengine ni CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru plagi ipige moto, 1,800, na ilipofungwa hio CDI kweli ikawaka, nikalipa na 500 ya ufundi nikaondoka namshukuru. Jumla 3,500. Siku ya tatu asubuhi haiwaki tena, vilevile, stata yazunguka na haishiki. Narudi naambiwa labda hio CDI ni feki ninunue nyengine. Hapo nikasema hapana.

Ndo mwenzangu mmoja wa steji akanisaidia kuisukuma mpaka kwa huyu mzee.

Shikamoo ami, marahaba, imefanya nini? Nikamwambia haiwaki. Akaniuliza, "Haiwaki vipi? Ilikuzimikia njiani ama umeamka ukaikuta hivo? Umeiosha lini?" Hilo la kuosha sikulitarajia. Nikamwambia jana jioni, pale kwa vijana wa kuosha karibu na nyumbani, wanatumia maji ya kisima na ile mashine ya presha. Akatikisa kichwa tu hakusema kitu.

Alianza na vitu vya bure. Funguo, fyuzi, ile swichi nyekundu ya kuzimia injini pale kwenye usukani, koki ya mafuta iko wazi ama imefungwa, akaniambia wapo watu wamemletea pikipiki kwa tuktuk kumbe mtoto amebonyeza swichi nyekundu. Alafu akachukua chupa ya maji ile ya plastiki angavu, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga petroli kidogo akainyanyua kwenye mwanga. Anaangalia maji, manake maji yanakaa chini ya petroli unayaona kama vidonge vinatembeatembea. Hayakuwepo. Petroli yashuka na ni safi, basi upande wa mafuta akauacha, hakufungua kabureta wala hakusema ioshwe. Mafundi wangapi hapa mjini ukifika tu kabureta iko chini imetawanywa juu ya gunia?

Akatoa plagi. Imelowa na yanukia petroli. Akanieleza vizuri kabisa, ikitoka kavu fuata mafuta kwanza, ikitoka imelowa mafuta yamefika lakini hayachomwi, kwa hivo tafuta moto. Akafunga koki ya mafuta, akapangusa petroli yote, akairudisha plagi kwenye kepu yake akaiegemeza kwenye chuma cha injini mbali na tundu, akaniambia piga kiki. Hakuna cheche. Akatia plagi yake mwenyewe anayojua ni nzima, hakuna. Kidole akakiweka kwenye tundu la plagi nikapiga kiki tena, upepo ukamsukuma kidole, kwa hivo kompresheni iko, yaani injini yabana hewa sawasawa. Betri akaipima kwa mita, volti 12.5, tukibonyeza stata inashuka 11 hivi, akasema betri haina kosa usimruhusu mtu akuuzie betri.

Hapa ndo pazuri. Chini ya tangi kuna soketi ya plastiki, nyaya zinatoka kwa magneti, kile kinachozalisha umeme kwenye injini, zinapanda mpaka CDI. Ndani ya magneti kuna koili ndogo ambayo kazi yake ni kuiambia CDI sasa piga moto, bila hio ishara CDI imekaa tu hata iwe mpya ya dukani. Mzee akapima hio koili kutoka upande wa injini, mita ikasoma ohm 210. Nzima. Akapima waya zilezile lakini sasa kutoka upande wa CDI, mita haikusoma kitu kabisa. Akanitazama akasema, "Basi imekatika hapa katikati, na hapa katikati hakuna ila soketi."

Akaivuta soketi ikafunguka, ndani kijani tupu. Ule unga wa kijani unaoota kwenye shaba, umejaa mpaka kale kachuma ka kike kamelika nusu. Akasema hii ni chumvi ya kisima. Na ni kweli, visima vingi huku kwetu maji yake ya chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu, na mie kila jioni naipiga pikipiki presha kwa maji hayohayo alafu inalala nje na upepo wa bahari.

Nikafahamu pia kwa nini CDI mpya ilionekana imeponya. Yule kijana alipokuwa anachomoa na kuchomeka alizivuta hizo nyaya zikagusana tena kidogo, ikawaka, nami nikaoshesha unyevu ukarudi. CDI haikuwa na habari yoyote.

Mzee hakupiga msasa akaniambia nenda. Alikata ncha zote, akachuna waya mpaka akafikia shaba inayong'aa, manake mwanzoni ilikuwa nyeusi ndani ya ganda lake, akaunga kwa risasi, akapaka grisi, akafunika na kipande cha chubu ya baiskeli kimefungwa huku na huku. Kishapo akaniuliza zile za zamani ulitupa? Nilikuwa nazo kwenye mfuko chini ya kiti. Akafunga CDI ya zamani na koili ya zamani, plagi yangu akaikausha akairudisha, kiki moja tu ikashika. Wallahi nilisimama pale sina la kusema. Hizo mpya akanirudishia, akasema weka nyumbani ni akiba yako.

Pesa, 200 kupima na 200 kazi. 400 zote.

Sasa na upande wa pili niseme. Kusubiri ni kazi, nilifika saa mbili asubuhi nikaguswa saa nne na nusu, kiti kimoja tu na kina mwenyewe. Hauzi spea, ukihitaji kitu anakuandikia kwenye kikaratasi wende ukanunue mwenyewe, mie nimelipenda hilo lakini ukiwa na haraka litakuchosha. Pikipiki za injeksheni, zile zisizo na kabureta, anazikataa waziwazi, asema hana mashine ya kuzisoma na hatabahatisha na mali ya mtu. Ijumaa usiende karibu na swala, harudi mpaka saa nane. Na hatoki kuja ulipo, utasukuma.

Hii ni wiki ya sita, mvua zimenyesha ile mbaya, barabara zimejaa maji, na kila alfajiri inashika kwa mguso wa kwanza. Naiosha kwa kitambaa na ndoo ya maji ya mfereji, presha nimeacha. Ukienda kwake chukua na spea zako za zamani zote, atazipima moja moja kabla hujatumwa dukani.