Google Earth Pro na mpaka wa Katanga: saa inarudi nyuma, mstari unabaki palepale

Mwalimu wa historia wa Lubumbashi anayetaka kuonyesha namna buti la Sakania, kipande cha Kongo chenye umbo la kiatu, lilivyoingia tumboni mwa Zambia hatapata programu ya bure inayomfaa kuliko Google Earth Pro, inayoonyesha dunia kwa picha za setilaiti. Zamani leseni yake ilikuwa dola 399 kwa mwaka. Tangu Januari 2015 hailipiwi kitu. Inaonyesha nchi vizuri sana na mpaka vibaya. Asiyetenganisha vitu hivyo viwili atafundisha uongo kwa picha za kupendeza.

Anza na buti lenyewe, maana hapo ndipo ubora wa programu unapoonekana. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Waingereza na mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa mwenye Kongo, ulifuata maji: kutoka ziwa Mweru panda mto Luapula hadi unapotoka ziwa Bangweulu; hapo shuka kusini kwa longitudo hiyohiyo hadi ukute mgongo wa nchi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi; kisha fuata mgongo huo kwenda magharibi hadi nchi ya Wareno. Soma maneno hayo polepole huku kidole kiko kwenye skrini, na buti linajichora lenyewe. Kisha sogea karibu na Bangweulu. Luapula hautoki ziwani kwa mlango unaoeleweka, unazuka kutoka kwenye vinamasi, kwa hiyo "unapotoka ziwani" si maneno yanayotosha kumwambia mpimaji asimamishe nguzo wapi. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipima mpaka wa mgongo wa maji kuanzia 1911 hadi 1914. Nyingine ilirudi kazini 1927 hadi 1933, wakati shaba imekwisha kufanya kila mita iwe na bei.

Usiliache ziwa Mweru bila kutazama kisiwa cha Kilwa. Mkataba uliupindisha mstari kuelekea kusini ili kisiwa kiwe cha Waingereza, na mpindo huo bado upo. Wanafunzi huchanganya: kisiwa ni cha Zambia, mji wa Kilwa ulio ng'ambo, ufukweni, ni wetu Wakongo.

Kwenye mgongo wa maji, kati ya Kipushi, Kasumbalesa na Mokambo, programu inaanza kudanganya. Wengi huchora njia inayokata mpaka, hubonyeza kulia na kuomba mchoro wa mwinuko, wakitarajia kilele kiangukie juu ya mstari. Mara nyingi hakiangukii. Nchi ya hapa ni bapa, na kichwa cha kijito ni dambo, yaani bonde bapa la kinamasi, ambalo maji yake yanakaa bila kuamua yaende wapi. Vipimo vya mwinuko kwa sehemu kubwa vimetokana na rada iliyopelekwa angani Februari 2000, ambayo lengo lake la usahihi lilikuwa mita 16. Tena rada hiyo iliona vichwa vya miti ya miombo, si udongo, kwa hiyo msitu unaonekana kama kilima na shamba lililofyekwa kama bonde. Kuongeza mwinuko hadi mara 3 kwenye mipangilio kunasaidia macho tu. Tarakimu za mchoro hazibadiliki. Atakayetoka hapo akisema nguzo ya 1913 imesogezwa kwa sababu kilele kiko mita 400 pembeni, hana hoja.

Kosa la pili husababishwa na ramani za zamani. Programu inakubali kulaza picha ya ramani juu ya nchi: piga skani ya nukta 300 kwa inchi, ongeza picha ya kufunika, ififishe hadi nusu ili nchi ionekane chini yake, kisha ivute kwa alama za kijani hadi mito ilingane. Ramani za kupimia za Zambia zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1950, na programu inatumia msingi mwingine, WGS84. Tofauti ya hizo mbili hapa kwetu ni zaidi ya mita 100, inayotosha kumhamishia mtu wa Kipushi nchi nyingine. Ukichukua tarakimu za latitudo kutoka ramani hiyo na kuziandika moja kwa moja kwenye programu, nguzo itasimama mahali ambapo haipo. Linganisha kwa makutano ya mito, usilinganishe kwa tarakimu.

Na karatasi iliyokunjamana haitalingana hata ukeshe, kwa kuwa programu inavuta na kuzungusha picha nzima tu. Kazi hiyo ifanyie kwenye QGIS, programu ya kutengenezea ramani, nayo ni ya bure: alama 3 zinatosha kwa marekebisho mepesi, 6 kwa ya daraja la pili, lakini weka zaidi ya hapo ili kosa lionekane. Ukimtumia mwenzako, hifadhi kama faili la KMZ, linalofunga picha ndani yake. Faili la KML halibebi picha, na atakachopata ni mraba wenye msalaba mwekundu.

Lakini kipande kigumu kuliko vyote kiko mbali na migodi, kati ya Pweto na ziwa Tanganyika. Hapo mkataba hauna mto wala mgongo, una mstari mnyoofu wa karibu kilomita 200, kutoka rasi ya Akalunga hadi ukingo wa kulia wa mto unapotoka Mweru. Rasi hiyo imewekwa "takriban" latitudo ya nyuzi 8 na dakika 15 kusini. Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85, kwa hiyo neno hilo moja linaweza kumeza kijiji. Hata "mnyoofu" kuna maswali: mstari wa programu unafuata mviringo wa dunia, ule wa rula kwenye ramani ya karatasi haufuati, na katikati ya safari vinaachana kwa mita 100 hivi. Zaire na Zambia zilitia saini mkataba wa sehemu hii mwaka 1989. Machi 2020 majeshi ya nchi hizi yalikuwa bado yanakabiliana karibu na Kibanga na Kalubamba, eneo la Moba, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaitwa kusuluhisha. Kwenye skrini yote hayo ni mstari mmoja mwembamba. Mwaka 2010 kamanda wa zamani wa Nicaragua alijitetea kwa ramani ya Google baada ya askari wa nchi yake kuingia ardhi iliyogombaniwa na Costa Rica. Google yenyewe ilikiri kosa linalofikia kilomita 2.7.

Kitufe cha saa kinarudisha picha hadi miaka ya 1980, ingawa ni za setilaiti za Landsat zenye pikseli ya mita 30. Mpaka haurudi nao. Dawa ni kuuzima na kuchora wako: njia moja kwa dai la Leopold la Agosti 1885, nyingine kwa 1894, kila moja ikipewa mwaka wa kuanza na wa kuisha kwenye sehemu ya tarehe ya sifa zake. Weka na alama ya Bunkeya, makao ya Msiri, mfalme wa Katanga: Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, alifika 1890 akaondoka bila saini ya Msiri, na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold, ukamwua Msiri tarehe 20 Desemba 1891. Sasa kitelezi cha saa kinasimulia.

Mega za mtandao zinaisha haraka, na darasani mtandao si wa kutegemea. Panua hifadhi ya ndani hadi MB 2000, pita juu ya mpaka wote jana yake kwa urefu uleule utakaotumia, kisha usiifute. Urefu ambao hukuupitia utatoka na ukungu.