Kamera tano za kupigia sherehe, zilizopangwa kwa fokasi yake

Picha iliyokosa mwanga unaweza kuiokoa kwenye kompyuta. Iliyogeuka njano kwa taa za ukumbi nayo inarekebishika. Lakini picha ya bibi harusi ambaye ushanga wa shela unahesabika mmoja mmoja huku macho yake yana ukungu, hiyo haina dawa. Ndiyo maana nashangaa mtu anapoingia dukani Kariakoo, au Moi Avenue kule Nairobi, na swali lake la kwanza likawa megapikseli ngapi. Atajibiwa 24, na nusu ya kamera zilizopo rafuni zina hizo hizo. Aulize kamera inakamata fokasi (mahali picha inapokuwa kali) vipi gizani na mtu akitembea, na otofokasi, yaani fokasi inayofanywa na kamera yenyewe, ikigoma, je, kuna msaada wowote akishika lenzi kwa mkono?

Nimepanga orodha hii kwa kigezo hicho tu. Ni ya mtu anayepiga watu kwa malipo: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali. Hela yake ina mwisho, kwa hiyo karibu kila kitu hapa ni cha mkono wa pili. Anayepiga ndege Manyara angepanga vingine. Bei sijaziandika kwa tarakimu kwa sababu zinayumba na dola, ila nimetaja ipi inaumiza mfuko kuliko ipi.

Kwanza ujue kwa nini kamera inapotea ukumbini. Otofokasi hutafuta tofauti: mstari, ukingo, mahali weusi unapokutana na weupe. Suti nyeusi chini ya taa ya bluu haina kitu cha kushika, na shavu laini lenye mwanga hafifu vilevile. Mpiga picha mzoefu huweka pointi ya fokasi kwenye ukingo wa kola, kwenye hereni, au pale kope inapogusa jicho. Kamera yenye kutambua macho inamfanyia kazi hiyo. Na nafasi ya kukosea ni ndogo: ukitumia lenzi ya 85mm kwa f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, sehemu iliyo kali kwenye picha ya fulufremu, yaani kamera yenye sensa kubwa ya ukubwa wa filamu ya 35mm, ni kama sentimita 6 tu. Mtu akipumua na kuegemea mbele kidogo, umeshampoteza.

DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, hupima fokasi kwa sensa ndogo ya pembeni iliyoko chini ya kioo. Sensa hiyo na sensa ya picha zisipokubaliana, hata kwa unywele, fokasi inatua mbele au nyuma ya jicho kila mara, na wewe unajilaumu bure. Kamera isiyo na kioo hupima kwenye sensa ile ile inayopiga picha, hivyo ugonjwa huo haina. Sababu hiyo peke yake inatosha kuziweka mbili za aina hiyo juu ya orodha.

1. Sony a7 III

Ilitoka mwaka 2018 na bado ndiyo ningeinunua kwanza kwa kazi ya watu. Ina pointi 693 za fokasi zilizotandazwa karibu fremu nzima, kwa hiyo bibi harusi akisimama pembeni kabisa mwa picha bado jicho lake linashikwa. Huhitaji ule mtindo wa kufunga fokasi katikati kisha kusogeza kamera, ambao kwa f/1.8 hukuharibia picha kimyakimya. Ina nafasi mbili za kadi. Betri yake, NP-FZ100, imepimwa kwa picha 710 na kazini inakwenda zaidi ya hapo.

Kwa fokasi ya mkono nako iko vizuri. Inakuza picha ndani ya kioo cha kuchungulia, na inapaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi. Sensa inayotulizwa ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) inasaidia hata lenzi ya zamani isiyo na umeme wowote, mradi uingize urefu wake kwenye menyu.

Ukiinunua iliyotumika, angalia toleo la programu ya ndani. Kutambua macho kwa kubonyeza shata, kitufe cha kupigia picha, nusu kulikuja na toleo la 3.0, Aprili 2019. Kabla ya hapo ilibidi ushikilie kitufe kingine. Kusasisha ni bure, lakini toleo la zamani linakueleza mwenye kamera aliijali kiasi gani. Angalia pia lugha: Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na nyingi zinaingia huku kwa bei inayovutia. Usimwamini anayekuambia ataibadilisha kesho.

Ubaya wake ni lenzi. Bodi ukishaimudu, lenzi za Sony zitakukamua. FE 50mm f/1.8 ya bei nafuu ina mota ya polepole yenye kelele, na ukiifunga kwenye bodi hii umenunua gari ukalivalisha matairi ya baiskeli. Bora usubiri upate FE 85mm f/1.8.

2. Canon EOS RP na adapta

Kama tayari una lenzi za Canon EF, zile za DSLR za Canon, ruka namba moja uje hapa. Canon waliweka mota ndani ya kila lenzi ya EF tangu walipouanzisha mfumo huo mwaka 1987, na kwa adapta ya EF-EOS R lenzi hizo zinafokasi kwenye RP kama zilizaliwa humo. Hata ile 50mm f/1.8 STM ambayo kila mtu anayo. RP ilitoka 2019, ina sensa ya fulufremu ya megapikseli 26, inatambua macho, na inakamata gizani vizuri kuliko DSLR yoyote iliyo chini yake hapa. Ukihamia fokasi ya mkono inakuonyesha mishale ya kukuambia uzungushe lenzi upande gani na umebakiza kiasi gani. Hilo Sony hawana, na kwa anayejifunza ni mwalimu mzuri.

Betri yake ndogo, LP-E17, imepimwa kwa picha 250 hivi. Sherehe ya kuanzia salamu za wazazi hadi keki na zawadi inataka betri nne. Kadi ni moja tu. Na kama unapiga video ya 4K, ujue otofokasi nzuri inazima. Ibaki kwenye 1080.

Jambo moja linalowasumbua wanaotoka kwenye DSLR kuja kwenye hizi mbili: ile taa nyekundu ya flashi iliyokuwa inasaidia kufokasi gizani, kwa kawaida kamera hizi haziitumii. Taa ndogo ya LED juu ya kamera inatosha kuziba pengo.

3. Canon 200D

Hii ni ya anayeanza. Ukitazama kwa kioo cha kuchungulia ina pointi 9 tu na ya katikati pekee ndiyo ya kuaminika. Washa skrini ya nyuma, na kamera inabadilika: Dual Pixel, teknolojia ambayo Canon waliileta na 70D mwaka 2013, inafuata uso wa mtu taratibu bila kuhangaika mbele na nyuma. Kwa video za sherehe bei hii huipati bora. Ukitaka kufokasi kwa mkono, skrini inakuza mara 5 na mara 10.

Muuzaji atakusukumia 250D, ambayo sehemu nyingine inaitwa 200D II. Ni mpya zaidi na inatambua macho. Lakini Canon waliondoa pini ya katikati kwenye kiti cha flashi. Flashi na triga (vifaa vya kuilipua flashi kwa mbali) za bei nafuu zenye pini moja, zile zinazobeba nusu ya studio za mitaani, hazitalipuka kabisa. Nenda na triga yako dukani uijaribu kabla ya kutoa hela. Mimi naichukua 200D ya kwanza.

4. Nikon D750

DSLR bora ya fokasi katika kundi hili. Pointi 51, inakamata hadi mwanga wa mbalamwezi, na ina marekebisho ya kusahihisha lenzi inayofokasi mbele au nyuma. Imeshuka hadi namba nne kwa sababu pointi zake zimerundikana katikati na otofokasi ya skrini ni ya kusubiri. Asiyepiga video na anayependa kuchungulia kwa kioo halisi anaweza kuipandisha hadi namba mbili, sitabishana naye.

Nimeileta hapa pia kwa sababu ya mtego wa Nikon. Zamani Nikon waliweka mota ndani ya bodi, nayo iliizungusha lenzi kwa bisibisi ndogo. Mwaka 2006 walipotoa D40, bodi ndogo zikaanza kuja bila mota hiyo. D3500 na D5600 hazina. Mtu ananunua D3500, halafu kwa bei poa anapewa 50mm f/1.8D, anafika nyumbani lenzi haisogei. Lenzi ni nzima, kamera nzima, haziongei tu. Kwa bodi hizo tafuta herufi AF-S au AF-P kwenye lenzi. D750 ina mota, D7200 pia, na kwao hata lenzi za D zinafanya kazi.

5. Canon 6D

Fulufremu kwa bei ya chini kabisa, na picha zake bado ni tamu. Ina pointi 11. Zichukulie kuwa ni moja, ya katikati. Hiyo moja inaona gizani ajabu. Kwa picha za kusimama, familia zikipangwa jukwaani, utafanya kazi nzuri. Kwa maharusi wanaoingia wakicheza utapiga kumi upate tatu. Ukipewa 5D Mark II kwa bei hiyo hiyo, chukua 6D: ile ni ya 2008 na gizani inayumba. 6D inakubali kubadilishwa kioo cha ndani kuwa Eg-S, kilichotengenezwa kwa wanaofokasi kwa mkono na lenzi za f/2.8 au pana zaidi.

Mbili za kuacha dukani

Canon 4000D inauzwa mpya, na boksi lina begi, kadi na stendi ya zawadi. Kishikio cha lenzi ni cha plastiki, skrini inafokasi kwa kubahatisha mbele na nyuma, na haina kirekebisho cha macho, kwa hiyo mwenye miwani hajui kama ukungu anaouona ni wa picha au wa macho yake. Ile pini ya flashi nayo haipo. Ya pili ni Panasonic GH5. Video yake ni nzuri sana ukifokasi kwa mkono, lakini otofokasi yake huenda mbele na kurudi, na mandhari nyuma ya mtu anayehutubia yanaonekana kupumua. Mwenye timu na mtu wa kushika lenzi aichukue. Anayefanya kazi peke yake asiiguse.

Lenzi za mkono

Siku hizi vijana wengi wanasaka Helios 44-2, 58mm f/2 ya Kisovieti, kwa ule ukungu wa nyuma unaozunguka. Ni lenzi ya skrubu ya M42. Kwenye Canon na Sony inaingia kwa adapta ya bei ndogo. Kwenye Nikon DSLR inakuwa ngumu, kwa sababu M42 inataka milimita 45.46 kutoka kwenye sensa na Nikon tayari imesimama 46.5, hivyo vitu vya mbali havifiki kwenye fokasi bila adapta yenye kipande cha lenzi ndani, nacho kinapunguza ukali. Nunua lenzi ya aina hii ukishakuwa na ya otofokasi. MC akitangaza maharusi wanaingia, huna muda wa kuzungusha.

Fokasi ya mkono ina nafasi yake hata hivyo: mahojiano kwenye stendi, pete na maua kwa karibu, nyota, simba nyuma ya nyasi za Mikumi ambapo otofokasi itashika jani kila mara. Kwa kazi hizo lenzi ya kawaida yenye swichi ya AF (otofokasi) na MF (fokasi ya mkono) inatosha. Kumbuka tu kwamba pete ya kufokasi ya lenzi za Canon zenye herufi STM haifanyi kitu kamera ikiwa imezimwa. Usije ukadhani ni mbovu.

Dukani

Rekebisha kwanza gurudumu la macho mpaka maandishi ndani ya kioo yawe makali. Fungua lenzi mpaka mwisho, f/1.8 kama ipo. Laza gazeti mezani, simama kwa mshazari, fokasi mstari mmoja wa maandishi, piga mara kadhaa huku ukiivuruga fokasi kila baada ya picha. Kuza uone ni mstari upi ulio mkali. Kwa DSLR rudia kwa skrini. Skrini ikipatia na kioo kikakosa, D750 na 6D unaweza kuzirekebisha kwenye menyu. 200D huwezi, irudishe. Kisha weka fokasi ya kumfuata mtu anayetembea, AI Servo kwa Canon, au AF-C kwa Sony na Nikon, mwambie muuzaji aje akitembea kuelekea kwako kutoka mlangoni.

Mwisho itoe lenzi, washa tochi ya simu nyuma yake na uchungulie. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa lenzi zilizokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja ni jambo la kawaida. Kidogo pembeni kinavumilika kwa punguzo kubwa. Kikiwa katikati lenzi inafifisha picha, na otofokasi iliyokuwa ikihangaika kutafuta ukingo gizani inazidi kukosa pa kushika.