Tahadhari kwa wenye magari ya dizeli Arusha na Moshi: AdBlue ya vidumu vilivyojazwa upya, na fundi anayezima taa bila kutibu gari

Ninawaandikia wenye magari ya dizeli, hususan yale yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Uingereza na Japani yakiwa na tanki la AdBlue, kwa sababu hapa Arusha kuna muuzaji anayeuza kimiminika ambacho si AdBlue, na kuna fundi anayeshirikiana naye ambaye kila taa ya hitilafu inapowaka huizima kwa mashine, hupokea fedha yake, kisha humrudisha mteja kwa muuzaji yule yule. Nimezungushwa kati ya watu hao wawili kwa miezi saba. Sitawataja majina wala namba za simu, kwa kuwa malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, lakini nitaeleza kwa kina namna wanavyofanya kazi, ili uweze kuwatambua hata wakihama kijiwe.

Kwanza ni lazima ueleweke mfumo wenyewe, maana ulaghai huu unastawi kwa sababu wengi wetu tumenunua magari haya bila kuelezwa kilichomo. AdBlue ni mchanganyiko wa urea safi asilimia 32.5 na maji yaliyoondolewa madini, na kiwango chake cha kimataifa ni ISO 22241. Haichanganywi na dizeli; ina tanki lake, pampu yake, na nozeli inayoinyunyiza ndani ya ekzosi, ambako joto huigeuza kuwa amonia. Amonia hiyo hukutana na oksidi za nitrojeni, gesi chafu zilizomo kwenye moshi wa dizeli, ndani ya masega maalumu, yaani kichocheo chenye matundu mengi kama sega la nyuki, na kuzigeuza kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Sensa zilizopo kwenye ekzosi hupima kama kazi hiyo imefanyika. Ikiwa haikufanyika, kompyuta ya gari huwasha taa, na baada ya muda huanza kuhesabu kilomita zilizobaki kabla injini haijakataa kuwashwa tena. Gari halizimiki ukiwa barabarani. Ila ukishalizima baada ya hesabu kufika sifuri, halitawaka. Hofu ya hesabu hiyo ndiyo mtaji wa watu ninaowazungumzia.

Gari langu ni la mwaka 2016 na lilitoka Uingereza. Kila wiki hulitumia kati ya Arusha na Moshi, safari ya kilomita 80 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwaka wa kwanza halikunisumbua, kwa kuwa lilikuja na tanki lililojaa. Onyo la kwanza la kuongeza AdBlue lilipotokea, niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari, nikaelekezwa kwa muuzaji anayeleta kwa bodaboda hadi mlangoni. Nilinunua kidumu cha lita 10 kwa shilingi 40,000, fedha zikaenda kwenye namba yenye jina tofauti na lile alilojitambulisha nalo. Risiti haikuwapo. Nilipoiulizia, nilijibiwa kwamba mashine ya EFD ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, na nikakubali jibu hilo kwa urahisi ambao leo unanisikitisha.

Wiki tatu baadaye taa ya injini iliwaka. Muuzaji alinipa namba ya fundi wake, akisema ni mtaalamu wa mifumo hiyo na kwamba mafundi wengine wangeniharibia gari. Fundi alichomeka mashine, akanionyesha msimbo P20EE, akasema, “Mama, gari limechanganyikiwa kwa sababu halikuzoea hali ya hewa ya huku, nikilisafisha kumbukumbu litatulia.” Nililipa shilingi 50,000. Taa ilizimika, nami nikaondoka nikiwa nimeridhika. Iliwaka tena baada ya siku tisa.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo nami, maana ndipo hasa tunapopigwa. Kufuta msimbo wa hitilafu hakurekebishi chochote. Kunaiondolea kompyuta kumbukumbu ya kosa, na kompyuta huanza upya kujipima. Kipimo cha utendaji wa masega hakifanyiki mara moja unapowasha gari. Kinahitaji ekzosi ipate joto la kutosha na mwendo tulivu wa muda fulani, na mara nyingi kinahitaji safari kadhaa kabla kompyuta haijathibitisha kosa na kuwasha taa. Ndiyo maana taa hukaa kimya siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili kwa mtu anayeendesha mjini tu, kati ya Njiro na Sakina. Fundi huyu anaufahamu vizuri mwanya huo, na ndani yake anauza uponyaji usiokuwapo.

Aidha, msimbo P20EE unasema jambo moja tu: oksidi za nitrojeni hazipungui kwa kiasi kinachotakiwa. Hausemi ni kwa nini. Inaweza kuwa masega yamechoka, au sensa imekosea kupima, au nozeli imeziba, au kimiminika chenyewe ni chepesi mno kutoa amonia ya kutosha. Fundi mwaminifu angeanza na sababu iliyo rahisi kupimwa, yaani kimiminika, hasa akijua kwamba kosa limeanza muda mfupi baada ya tanki kujazwa. Fundi wangu hakukigusa hata mara moja. Taa iliporudi mara ya pili aliniuzia sensa iliyotumika kwa shilingi 650,000, akaifunga, akafuta msimbo, akanishauri niongeze kidumu kingine cha “AdBlue nzuri” kutoka kwa mwenzake. Jumla nilinunua vidumu vinne na kufutiwa msimbo mara nne. Pamoja na sensa hiyo, nilikuwa nimetoa shilingi 1,010,000, na dashibodi ikaniambia zimebaki kilomita 800.

Safari ya mwisho msimbo ulibadilika ukawa P20E8, maana yake presha ya kimiminika iko chini. Ndipo fundi alipoleta pendekezo ambalo naamini lilikuwa limepangwa tangu mwanzo: nimlipe shilingi 900,000 aufute mfumo mzima kwenye kompyuta, gari lisihitaji AdBlue tena maisha yake yote. Nilikataa. Oksidi hizo huwasha njia za hewa na kuwazidishia shida wenye pumu, na mimi napita kila siku kando ya watoto wanaosubiri daladala kwenda shule. Vilevile programu ya awali isipohifadhiwa kabla ya kufutwa, kulirudisha gari katika hali yake ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa anayetaka kununua gari la mkononi, aangalie jambo hili: gari lenye tanki la AdBlue ambalo halionyeshi kabisa kiasi kilichobaki, na muuzaji wake anasema “hili halitumii tena,” limekwisha kufanyiwa upasuaji huo.

Aliyenitoa kwenye mzunguko huo ni mzee mmoja wa Moshi, fundi wa malori wa miaka mingi. Kabla ya kuchomeka mashine yoyote alisema, “Mwanangu, nipe kwanza hicho unacholinywesha gari.” Nilikuwa na mabaki ya kidumu cha kwanza na kidumu cha tatu kilichobaki nusu, cha nne kilikuwa bado hakijafunguliwa. Aliweka tone la kidumu cha kwanza kwenye refraktomita, kifaa kidogo cha kuchungulia kinachoonyesha kiasi cha urea kwa jinsi mwanga unavyopinda. Kilisoma asilimia 24. Kidumu cha tatu kilisoma karibu asilimia 32, na nikadhani kwamba hicho kilikuwa halali. Mzee akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba kifaa kile kinapima ukali wa mchanganyiko, hakipimi usafi wake. Mtu mwenye mizani na mfuko wa mbolea anaweza kupata asilimia 32 akiwa nyuma ya nyumba yake.

Kisha akafungua pampu. Chujio lilikuwa na tope jeupe lenye rangi ya kahawia kidogo. Alilitia kwenye bakuli la maji ya moto, tukasubiri. Chumvi ya urea safi, ile nyeupe inayoganda kwenye kifuniko cha tanki, huyeyuka kabisa katika maji ya moto, na ndiyo maana fundi anayejua kazi huiosha kwa maji hayo tu. Tope letu lilibaki chini ya bakuli.

Mbolea ya urea, ile tunayoitumia kukuzia mahindi, ina nitrojeni asilimia 46 na kwa shambani haina tatizo. Lakini punje zake kwa kawaida hutiwa dawa ya kuzuia zisigandamane, na zina biureti, uchafu unaotokana na urea inapopata joto kali, nyingi kuliko inavyokubalika kwenye AdBlue, ambako kikomo ni asilimia 0.3. Maji nayo ni tatizo la pili, na kwa sisi wa Arusha pengine ni kubwa zaidi. Maji yetu mengi yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kila aliyekulia huku anaijua floraidi yake kwa rangi ya meno, na pamoja nayo mna chumvi nyingine, ikiwamo sodiamu. ISO 22241 inaruhusu sodiamu isiyozidi miligramu 0.5 kwa kilo moja ya AdBlue, na kikomo hicho hicho kinahusu potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Maji ya bomba hayawezi kufikia usafi huo hata yakichemshwa. Sodiamu na potasiamu huyatia masega sumu kidogo kidogo, na masega yaliyokwisha kupata sumu hiyo hayaoshwi yakarudi upya. Mtu anayekuuzia kidumu cha shilingi 40,000 anaweza kuwa anakuharibia kifaa cha mamilioni.

Vidumu vya muuzaji huyu nilivitazama upya baada ya hapo, na dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Ni vidumu vya bluu vinavyofanana, lakini pete ya kifuniko, ile inayopaswa kukatika unapofungua kwa mara ya kwanza, haikuwapo kwenye viwili, na kwenye kingine ilikuwa imebandikwa kwa gundi. Lebo ilikuwa imechapwa kwa printa ya ofisini, wino ukitoka kwa kidole chenye maji. Namba ya toleo ilikuwa ile ile kwenye vidumu vyote vinne, ingawa nilivinunua kwa miezi tofauti. Kimojawapo kilikuwa na harufu kali ya amonia, ilhali AdBlue nzuri haina rangi na harufu yake ni hafifu. Zingatia pia tarehe na mahali kidumu kilipokaa: ikihifadhiwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30 AdBlue hudumu takriban mwaka mmoja, na kwenye nyuzi 35 muda huo hushuka hadi miezi sita hivi, kwa hiyo hata kidumu halali kilichoanikwa juani mbele ya duka hakifai kuaminiwa.

Ikiwa umekwisha kununua, usiongeze AdBlue halali juu ya iliyochafuka ukitumaini itajirekebisha, na usiongeze maji kwa namna yoyote. Tanki linapaswa kutolewa kimiminika chote na kusuuzwa kwa AdBlue safi, chujio libadilishwe au lioshwe, na nozeli ikaguliwe, kisha ndipo msimbo ufutwe na gari liendeshwe safari ndefu ili lijipime lenyewe. Langu lilihitaji nozeli mpya, na pamoja na kazi nilitoa shilingi 1,350,000. Sensa yangu ya zamani, ambayo kwa bahati nilikataa kuiacha kwa fundi yule, ilipimwa ikaonekana nzima, nasi tukairudisha. Nimekwisha kwenda na kurudi Moshi mara sita tangu siku hiyo na taa haijawaka.

Nilipompigia muuzaji kumweleza vipimo, aliniambia kwamba magari ya Ulaya ndivyo yalivyo, kisha akaacha kupokea simu zangu. Wiki hiyo hiyo tangazo lake lilionekana kwenye kundi jingine likiwa na namba mpya, picha ya kidumu ikiwa ile ile, na ameanza kupeleka mzigo hadi Usa River na Boma Ng'ombe kwa wenye magari ya kubeba wageni. Hao nawaonea huruma zaidi, maana gari likikataa kuwaka ndani ya hifadhi, si mwenye gari peke yake anayeumia.

Kidumu cha nne bado ninacho, hakijafunguliwa, pamoja na ujumbe wote wa malipo. Nimeandika malalamiko kwa Tume ya Ushindani na kwa TBS. Yeyote aliyenunua vidumu vya namna hii na taa yake ikawa inarudi baada ya siku chache, tafadhali asivitupe. Aviweke kivulini vikiwa vimefungwa, apige picha ya lebo na kifuniko, aandike tarehe aliyonunua na namba iliyopokea fedha, kisha aniandikie ujumbe wa faragha ili tupeleke malalamiko yetu kwa pamoja.