Ramani za samaki na konokono za Orodha Nyekundu ya IUCN: zitumie kuchagua bonde, si kuchora mpaka wa hifadhi

Ramani hizi za IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi unaopima hatari ya spishi kutoweka, ni za bure kwa kazi isiyo ya biashara. Unajiandikisha, unaeleza utazitumia kwa nini, unapakua. Uzuri wake mkubwa ni kwamba spishi ya maji baridi haichorewi duara la kukisia. Inaorodheshewa vidakio (maeneo ambayo maji yake hukusanyika na kutokea pamoja) inamopatikana, kwa mipaka ya HydroBASINS, hifadhidata ya vidakio vya dunia nzima, kwa kawaida ngazi ya 8 kati ya 12. Maji hayajui mpaka wa wilaya. Kila kidakio kina safu ya NEXT_DOWN inayotaja kidakio kinachopokea maji yake, kwa hiyo ukianzia panapopendekezwa bwawa unashuka nayo hatua kwa hatua mpaka thamani ifike 0, yaani hakuna kidakio kingine chini yake, kama baharini au ziwa lisilo na mto wa kutokea, ukiona ni samaki gani wataguswa njiani. Kwa wanaopigania mito, safu hiyo moja inatosha kulipia usumbufu wote utakaofuata.

Usumbufu wenyewe unaanzia kwenye kuchuja. Ndani ya QGIS, programu ya ramani, kabla ya kuunganisha jedwali la spishi na tabaka la vidakio kwa HYBAS_ID (namba ya kidakio), bakiza presence 1 (spishi bado ipo) na origin 1 au 2 (ya asili au iliyorudishwa). Ukiruka hapo, sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 anaingia kwenye hesabu ya utajiri wa asili wa ziwa hilohilo, na spishi zilizokwisha kutoweka zinahesabiwa kama zipo. Tathmini ya bonde hilo ya mwaka 2018 ilipitia spishi 651. 204 hazipatikani kwingine duniani, na takribani robo tatu ya hizo ziko hatarini. Hesabu yenye sangara ndani yake inazificha.

HYBAS_ID ina tarakimu 10. Kwa Afrika huanza na 1, kisha 08 ikiwa ni ngazi ya 8. Jedwali likifunguliwa kwa Excel na safu ikasomeka 1.08E+09, usihifadhi: tarakimu za mwisho zinaweza kupotea, na hapo kuunganisha kutarudisha safu tupu bila onyo lolote. Ingiza safu hiyo kama maandishi. Kisha hesabu majina ya spishi yasiyojirudia, si mistari, maana spishi moja huweza kuwa na mistari kadhaa. Eneo la kidakio lisome kwenye safu ya SUB_AREA, tayari kwa kilomita za mraba. Usilipigie hesabu kutoka kwenye digrii.

Udhaifu uko hapa: kidakio kizima hupakwa rangi hata kama samaki anaishi juu ya maporomoko tu, au konokono yuko kwenye chemchemi moja. Hata ngazi ya 12, ambayo ni ndogo kuliko zote, wastani wa kidakio ni kama kilomita za mraba 130. Kwa kuchagua bonde la kuanza nalo, ramani inatosha. Kwa kuamua kijiji gani kifunge uvuvi, haitoshi, na kuitumia hivyo ni kuwaonea wavuvi.

Hapo unahitaji nukta za GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya mahali viumbe vilipoonekana au kukusanywa, nazo bure, ila zina uchafu wake. Chukua sampuli ya Mwanza, takribani -2.5, 32.9. Alama ya kutoa ikidondoka, samaki anahamia kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, anatokea Moroko. Makosa hayo yanaonekana upesi kwa kulinganisha nukta na safu ya nchi. Baya zaidi ni sampuli kongwe iliyoandikwa "Ziwa Victoria" tu, ikapewa nukta katikati ya ziwa: iko nchi sahihi, iko majini, na bado si mahali samaki alipovuliwa. Nukta ambayo safu ya coordinateUncertaintyInMeters (mita ambazo nukta inaweza kukosea) iko tupu ibaki dalili ya kwenda kuchunguza, isichorewe mpaka.