Bibi alisalimia "Mwangaluka", akajibiwa "Poa"

Nilingoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Wiki kadhaa zilizopita nilimlipia bibi yangu matembezi ya alfajiri kwenye tembe la Kwihara, ile nyumba ya zamani ya udongo hapa Tabora, kupitia vijana fulani wa mjini wanaotembeza wageni. Kazaliwa huku, kazeekea huku, hajawahi kufika alipokaa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kizungu. Tukaondoka na bajaji gizani, bibi kavaa kanga mpya kwa ajili ya siku hiyo.

Mwongozaji alitukuta pale, hakumwamkia. Bibi akasubiri, mwisho akaanza yeye: "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Yule kijana, simu sikioni, akamjibu: "Poa." Mtu wa miaka zaidi ya themanini! Poa!

Kuanzia hapo sikuona uzuri wa kitu. Mlango wa nakshi, ule ua wa ndani, kuta za udongo zikipata mwanga wa kwanza, yote tuliyapita mbio mbio kama tunakimbizwa. Akamimina maelezo yake: Stanley, yule mwandishi wa habari, kumkuta Livingstone Ujiji, 1871, basi. Bibi akauliza taratibu, "Na wapagazi walilala wapi, mjukuu wangu?" Akajibiwa: "Bibi, hao hawamo kwenye maelezo. Twendeni, jua linatoka."

Hawamo? Stanley alipoondoka Kwihara Machi 1872, Livingstone alibaki kwenye nyumba hiyo hiyo mpaka Agosti. Alikuwa anangoja nini? Wapagazi! Mpaka walipofika wale aliotumiwa na Stanley kutoka pwani, ndipo akaondoka. Mwaka uliofuata alipofariki, watumishi wake, kina Chuma na Susi na wenzao, waliubeba mwili wake kwa miguu kuupeleka pwani, wakapita hapa hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Babu yake bibi naye alibeba pembe hadi Bagamoyo, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Bibi alikuja kumtafuta babu yake, akaambiwa hayumo.

Msiwape hela zenu hao vijana. Nyota moja, na hiyo ni ya mlango.

Lakini nisiidhulumu Kwihara. Dereva wa bajaji, ambaye hatukumlipa aeleze chochote, alimpokea bibi mkono akainamisha kichwa: "Mwangaluka, mayo," yaani mama. Tukiwa njiani akasimama penye miembe mikubwa, akazima injini, akasema wazee wao huwaambia miembe ya namna hiyo imefuata njia za misafara, wapagazi wakila na kutupa kokwa. Bibi akashuka. Akashika gome la mti, akaanza kutaja majina ya ukoo wetu ambayo mimi sijawahi kuyasikia, na dereva akawa anauliza, "Halafu, mayo?" Jua likatuchoma pale pale, hakuna aliyesema twende.

Kwa hiyo nyota moja naifuta. Tembe nalipatia nyota nne, mwongozaji simpi kitu. Tuliposhushwa nyumbani bibi alimuuliza dereva kama Jumamosi ana nafasi.