Simu za majaribio au kupima simu zenyewe?

Ofisi ya utalii, Barabara ya Sokoine, Arusha. Mteja wa Ujerumani anauliza bei ya Serengeti kwa simu ya intaneti, sauti inakatika. Ruta inaonyesha mtandao uko sawa.

Njia moja ya kusaka tatizo ni simu za majaribio: kifaa kinapelekea kingine pakiti (vipande vidogo vya data) za bandia usiku na mchana, kikipima ucheleweshaji. Unagundua tatizo kabla mteja hajapiga. Lakini unapima njia ya mtandao tu, mazungumzo hujayagusa.

Nyingine ni kusoma simu halisi zinapopita. Sauti husafiri kwa pakiti kama 50 kila sekunde. Kifaa huhesabu zilizopotea, na ripoti za RTCP, taarifa za ubora zinazosafiri pamoja na simu, hueleza upande wa pili ulipokea nini. Hapo ndipo tulipolibaini tatizo la kwetu: wastani wa kuchelewa ulikuwa milisekunde 90, chini ya 150 zinazopendekezwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ila pakiti zilifika kwa mafungu, sauti ikakatika, kila mapokezi walipopandisha picha za safari mtandaoni. Kwa video ni balaa zaidi, picha inaganda mteja akiwa katikati ya swali.

Mimi nachagua hii ya pili. Ya majaribio nimeiacha tawi la Moshi, ambako simu ni chache mno.