SeaQuench Ale: margarita iliyojificha ndani ya bia

Shemeji yangu ni mtu wa Tusker baridi, basi. Ukimpa kinywaji chenye ndimu anakuuliza nani ana mafua. Jumamosi ile nilimtilia SeaQuench kwenye glasi jikoni, kopo nikaliacha hukohuko, nikakaa kusubiri kelele. Akapiga funda moja, akakunja uso upande, akalamba midomo, akapiga la pili.

"Shemeji, hii mmeitia chumvi?"

Sikuitia mimi. Imetoka kiwandani na chumvi yake.

SeaQuench inatengenezwa na kiwanda cha bia cha Dogfish Head cha Milton, jimbo la Delaware, kama saa mbili kwa gari kutoka kwangu Baltimore, ukishavuka daraja la ghuba ya Chesapeake. Waliitoa mwaka 2016 kwa kushirikiana na National Aquarium, lile jumba la samaki lililo hapa bandarini kwetu. Ni asilimia 4.9, na ndani yake wamechanganya mitindo mitatu ya bia za Kijerumani: Kölsch ya Köln, ambayo ni nyepesi na safi, Berliner Weisse, bia chachu ya ngano, na gose, bia chachu yenye chumvi. Halafu ikaja ndimu: maji yake, maganda yake, na ndimu kavu nyeusi. Juu ya hayo, chumvi ya bahari.

Neno margarita, ile kokteli ya ndimu, chumvi na tequila (pombe kali ya Mexico), hulioni kwenye kopo. Lakini hebu fikiria: ndimu, chumvi, baridi kali. Hiyo ni margarita iliyoachwa na tequila yake. Nimeshaonja bia kadhaa za huku zinazojitangaza waziwazi kuwa ni margarita, na nyingi hukosea palepale: zinakimbilia sukari. Unafungua ukitarajia baa, unakutana na peremende ya kijani. Hii haikuandika jina la kokteli yoyote, na ndiyo iliyonifikisha karibu zaidi.

Kwenye glasi ina rangi ya majani makavu, na ukungu kidogo. Povu lake jeupe linapanda kwa fujo na kufa kabla hujatafuta mahali pa kukaa. Ukinusa, cha kwanza ni ganda la ndimu lililokwaruzwa sasa hivi, yale mafuta yanayokurukia vidoleni. Nyuma yake kuna harufu ya unga wa ngano. Uchachu unapiga mashavuni kwanza, mate yanajaa, kisha unaondoka haraka na kukuachia chumvi. Si chumvi ya mchuzi uliozidishwa. Ni ile unayoilamba mdomoni ukitoka kuogelea Kikambala, kabla hujajisuza.

Mtoto wa Mombasa hahitaji kufundishwa ladha hii. Tumekua tukila embe bichi lililochanjwa, likapakwa chumvi na pilipili na kukamuliwa ndimu, nje ya geti la shule. Bia hii ni embe lile bila embe na bila pilipili. (Pilipili nimeikosa, kusema kweli.)

Kilichonishika zaidi ni ile ndimu nyeusi. Pale Marikiti, Mombasa, kwenye maduka ya viungo, utaziona: vitu vidogo vigumu, vyepesi kama vimetobolewa ndani, rangi ya kahawia au nyeusi tititi. Ni ndimu za kawaida zilizochemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Waomani wanaziita lumi, na huko Ghuba hawapiki wali wa nyama wa maana bila kutumbukiza moja au mbili zilizotobolewa. Ukali wa ndimu mbichi unakuwa umepungua. Kinachobaki ni uchachu wenye kiza, wa udongo, na uchungu kidogo, karibu na moshi ingawa hazikuona moto wa kuni. Sasa nadhani hapo ndipo hawa watu wa Delaware walipofanya ujanja wao, wakijua au wasijue. Tequila nzuri ina kitu cha udongo na majani chini ya ndimu, na hicho ndicho kinachofanya margarita isiwe maji ya ndimu tu. Kwenye SeaQuench pombe kali haipo, lakini mahali pake hapakuachwa wazi. Amekaa lumi.

Uchachu wenyewe haukutoka kwenye ndimu peke yake. Bia za aina hii huchachushwa na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa maziwa mala, ndiyo maana chini ya ndimu unasikia kitu laini kidogo, cha mtindi. Gose ni ya zamani sana huko Ujerumani. Jina ni la mto Gose unaopita mji wa Goslar, ila waliokuja kuishabikia ni watu wa Leipzig, ambako huwekwa chumvi na giligilani. Ilikufa kabisa mwaka 1966, ikafufuliwa miaka ya 1980, na sasa kila kiwanda kidogo cha Marekani kina yake. Nikimweleza mgema wa kwetu kwamba Wazungu hununua bia kwa sababu imechachuka atanicheka. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni unakuuma mpaka machoni, na hakuna aliyewahi kuandika kwenye kibuyu kwamba ni sanaa.

Bila shaka ilibidi niiharibu kidogo. Nina udhaifu kwa dawa, ile kokteli ya vodka, asali na ndimu iliyojengewa jina na Carnivore pale Lang'ata, Nairobi, ambayo huja na kijiti cha mti cha kupondea ndimu na asali. Nikajiuliza, je, SeaQuench na asali? Mara ya kwanza nilichovya kijiti kwenye asali nikakoroga. Asali ikaganda chini kama gundi, gasi yote ikatoka kwa kukoroga, nikapata maji ya chumvi yenye donge. Mara ya pili niliilainisha asali, kijiko kimoja cha chai, kwa maji moto kiasi kile kile, nikaiacha ipoe kabisa, ndipo nikaimiminia bia polepole. Hapo ilinyweka, tena vizuri. Lakini utamu ulimeza chumvi, na lumi akatoweka kabisa. Ukitaka dawa, kunywa dawa.

Sasa lawama. Kopo la kwanza ni raha tupu, la pili bado, la tatu meno yanaanza kulalamika na tumbo linakuuliza maswali. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse. Tena haivumilii joto: ikikaa juani robo saa, chumvi inatangulia mbele na ndimu inageuka kuwa harufu ya kuoshea vyombo. Na usinunue kopo bila kuligeuza chini kusoma tarehe. Nilishauziwa pakiti nzima kwenye duka moja karibu na kazini kwangu, iliyokuwa imekaa rafuni isikopaswa kukaa, ng'ambo ya friji, hata vumbi limeota. Maganda ya ndimu yalikuwa yameshakufa humo ndani, umebaki uchachu mtupu kama siki. Niliporudi kulalamika mwenye duka akaniambia, "Lakini hii bia ndivyo ilivyo, ni chachu." Sikubishana naye. Huwezi kumweleza mtu tofauti ya mala na maziwa yaliyoharibika kama hajawahi kunywa mala.

Bei nilikolipa safari hii ni dola 12 na ushee kwa makopo sita, juu yake ile kodi ya pombe ya Maryland ya asilimia 9. Si bia ya kunywa kila siku kwa mshahara wangu wa zamu za usiku. Ni bia ya kaa.

Hapo naomba usimame kidogo. Maryland kaa hupikwa kwa mvuke, akapakwa Old Bay, viungo vya unga vyenye chumvi na pilipili, mpaka agande wekundu, akamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti, na kila mtu akapewa nyundo ya mbao. Unagonga, unavunja, unachokonoa, viungo vinakuingia chini ya kucha, midomo inawaka. Bia ya kawaida hapo inazima moto tu. SeaQuench inafanya kazi ya ndimu: inakata mafuta ya ndani ya kaa, chumvi yake inakutana na Old Bay wakaelewana, na ile pilipili niliyoikosa nikiinywa peke yake sasa imekuja kwa mlango wa nyuma. Jumamosi ile tulikuwa na kaa dazeni moja na makopo sita kwa watu wanne. Makopo yalikuwa machache.

Yalipoisha, shemeji akafungua Tusker yake aliyokuja nayo kutoka duka la Waafrika, akaitazama muda mrefu. Kisha akanyosha mkono, akachukua kipande cha ndimu kilichobaki kwenye sahani, akakamulia mdomoni mwa chupa, akachota Old Bay kwa ncha ya kidole na kuitia humo.

"Usimwambie dadako," akasema.